Waya Mwembamba Unaookoa Mguu: Kazi ya Fundi Kiongozi wa Mionzi

Wengi wetu tunaujua mtambo wa eksirei kwa namna moja tu. Mtu ameanguka, mkono umevimba, daktari anamwandikia karatasi. Anaingia katika chumba chenye mlango mzito, anaambiwa avute pumzi na asitikisike, na baada ya muda mfupi anatoka na picha yake ndani ya bahasha. Picha imepigwa, picha itasomwa, basi.

Lakini ipo kazi nyingine ya eksirei ambayo wengi hawajaisikia. Katika kazi hiyo picha si mwisho wa safari, bali ni taa ya njiani. Mgonjwa amelala juu ya meza, mishipa yake ya damu inaonekana katika kioo kama sinema, na daktari akiifuata sinema hiyo anapitisha waya mwembamba kutoka kwenye tundu la sindano mpaka mahali penye ugonjwa. Anatibu hapo hapo, bila kumpasua mtu. Sisi hapa tutaiita tiba kwa njia ya picha.

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tutamtazama mtu mmoja ambaye wagonjwa wengi hawamtambui, ingawa usalama wao umo mikononi mwake: fundi kiongozi wa mionzi katika chumba cha tiba hiyo. Tumechukua mfano wa hospitali za askari wa zamani huko Marekani, nasi tuna sababu tatu. Kwanza, hatua kubwa ya tiba hii ilianzia nchi ile. Pili, magonjwa wanayougua askari wale, yaani kisukari, shinikizo la damu, figo na ini, ndiyo yanayozidi kubisha hodi katika nyumba zetu. Tatu, baadhi ya ndugu zetu wanafanya kazi katika hospitali za huko, na tiba yenyewe imekwisha kufika Tanzania, kama tutakavyoona mwishoni.

TIBA HII ILIANZAJE?

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Conrad Röntgen katika mji wa Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Mwaka 1901 alipewa tuzo ya kwanza ya Nobel ya fizikia. Kwa miaka mingi mionzi hiyo ilitumika zaidi kutazama mifupa na mapafu. Mishipa ya damu haikuonekana, kwa sababu damu na nyama huipitisha mionzi karibu sawasawa. Ikabidi kuingiza katika mshipa dawa yenye madini ya joto, inayozuia mionzi, ndipo mshipa uonekane kama mto mweusi katika ramani.

Tatizo lilikuwa namna ya kuufikia mshipa bila kisu. Mwaka 1953 daktari wa Sweden, Sven-Ivar Seldinger, alieleza njia rahisi ajabu. Choma mshipa kwa sindano, pitisha waya laini ndani ya sindano, toa sindano na uache waya, kisha vika mpira mwembamba juu ya waya na uusukume ndani. Mpira huo huitwa katheta. Njia hiyo inatumika mpaka leo, dunia nzima.

Miaka 11 baadaye, tarehe 16 Januari 1964, daktari Charles Dotter wa Portland, katika jimbo la Oregon, aliletewa mama wa miaka 82. Mguu wake ulikuwa unaoza kwa kukosa damu. Madaktari wa upasuaji walishauri ukatwe, naye alikataa katakata. Dotter akaupanua mshipa wake wa paja uliobana, akipitisha katheta moja baada ya nyingine, kila moja nene kidogo kuliko ile iliyotangulia. Damu ikapita, mguu ukapata joto, maumivu yakaondoka. Mama yule aliishi kama miaka miwili na nusu zaidi, akitembea kwa miguu yake miwili.

Baadaye daktari Mjerumani aliyefanya kazi Zürich, Uswisi, Andreas Grüntzig, alitengeneza katheta yenye puto dogo kwenye ncha yake. Mwaka 1974 aliitumia kwa mshipa wa mguu, na mwaka 1977 kwa mishipa ya moyo. Leo kuna pia stenti, yaani bomba dogo la wavu wa chuma linaloachwa ndani ili mshipa usibane tena. Lakini wazo ni lile la mwaka 1964: kwamba yawezekana kufika kwenye ugonjwa kwa kupitia njia ambayo tayari imo mwilini.

HOSPITALI ZA ASKARI WA ZAMANI

Serikali ya Marekani ina mtandao wake wa hospitali kwa ajili ya watu waliowahi kulitumikia jeshi. Idara inayozisimamia iliundwa mwaka 1930, na mwaka 1989 ikapewa hadhi ya wizara kamili. Leo ina hospitali kubwa zipatazo 170, mbali na zahanati nyingi ndogo. Ndani yake utawakuta wazee waliopigana Vietnam, na vijana wa kike na wa kiume waliokwenda Irak na Afghanistan.

Wagonjwa hawa wana historia ambayo fundi hana budi kuijua. Wakati wa vita vya Vietnam, kati ya mwaka 1962 na 1971, jeshi la Marekani lilinyunyiza misituni dawa za kuua majani. Iliyojulikana zaidi ni ile iitwayo Agent Orange. Tangu mwaka 2001 serikali yao imekubali kwamba askari aliyekuwa katika maeneo hayo akipatwa na kisukari cha aina ya pili, ahesabiwe kuwa amekipata kazini. Mwaka 2010 ikaongeza ugonjwa wa mishipa ya moyo, na mwaka 2022 sheria mpya ikaongeza shinikizo la damu. Tena askari wa kizazi kile wameugua homa ya ini aina ya C kuliko raia wengine, na homa hiyo ikikaa miaka mingi bila tiba yaweza kuleta saratani ya ini. Wengi wao pia walivuta sigara tangu ujana.

Basi ukijumlisha kisukari, shinikizo na tumbaku, unapata mishipa iliyobana. Ndiyo maana kazi za chumba hiki ni kama hizi: kufungua mshipa wa mguu ili usikatwe, kuzibua njia ya damu kwa mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo, kupeleka dawa moja kwa moja kwenye uvimbe wa ini, kuziba mshipa unaovuja damu tumboni, kutoa usaha uliojikusanya ndani, au kuchukua kinyama kidogo cha kupimwa.

FUNDI KIONGOZI NI NANI?

Huyu si daktari, wala si muuguzi. Daktari ndiye anayeongoza waya na kuamua tiba. Muuguzi anamtunza mgonjwa, anampa dawa ya kutuliza, anatazama mapigo ya moyo na pumzi yake. Fundi wa mionzi anausimamia mtambo na picha, anatayarisha vifaa, na mara nyingi anasimama mezani kwa glavu na gauni safi, akimpa daktari kila kifaa kwa wakati wake.

Ili kuifikia kazi hii huko Marekani, mtu husomea kwanza kazi ya eksirei kwa miaka kama miwili, kisha hufanya mtihani wa chombo cha taifa kinachothibitisha mafundi, kilichoanzishwa mwaka 1922. Wengi huendelea kufanya mtihani wa pili wa mishipa ya damu, baada ya kuonyesha daftari la kazi walizokwisha shiriki. Hata baada ya hapo hawaachi kusoma. Kila miaka miwili hudaiwa vipindi 24 vya masomo ya nyongeza, na bila hivyo cheti hakihuishwi.

Neno "kiongozi" lina uzito wake. Yeye hupanga zamu za wenzake, mchana na zile za kuitwa usiku. Mtu akianza kutoka damu saa nane za usiku, simu hulia nyumbani kwa fundi wa zamu, naye hana budi kufika upesi. Kiongozi huwafundisha wageni wa kazi. Huhesabu katheta, waya, puto na stenti zilizomo kabatini, za kila urefu na kila unene, na kutazama tarehe za mwisho wa matumizi. Jambo hili laonekana dogo. Lakini hebu fikiria daktari amefika kwenye mshipa wa kifundo cha mguu, anaomba puto la unene wa milimita 2 na nusu, na kabati halina. Mgonjwa amelala, mshipa umekwisha kuguswa, na damu yaweza kuganda. Ukosefu wa kifaa kimoja unaweza kuugharimu mguu.

MASWALI KABLA YA SINDANO

Kazi ya siku haianzi kwa mtambo, bali kwa maswali. Fundi humwuliza mgonjwa ataje mwenyewe jina lake lote na tarehe yake ya kuzaliwa. Hamwambii, "Wewe ndiwe Bwana fulani?" kwa sababu mtu mwenye wasiwasi, au asiyesikia vizuri, ataitikia jina lolote. Humwuliza pia, "Leo umekuja kufanyiwa nini, na upande gani?" Jibu la mgonjwa hulinganishwa na karatasi.

Kisha yanafuata maswali mengine, na kila moja lina sababu yake.

Je, umewahi kudhurika na dawa ya kuonyesha mishipa? Wapo wachache ambao dawa hiyo huwaletea vipele, kuvimba uso, au hata kushindwa kupumua. Wakijulikana mapema, daktari aweza kuwapa dawa ya kinga au kubadili mpango.

Figo zako zikoje? Dawa ile hutoka mwilini kupitia figo, nayo yaweza kuzidhuru figo zilizokwisha choka. Hivyo hutazamwa kwanza kipimo cha damu. Kwa mguu wenye mgonjwa wa figo, yawezekana kutumia hewa ya kaboni dioksidi badala ya dawa. Hewa hiyo husukuma damu pembeni kwa nukta chache, mshipa ukaonekana, kisha ikatoka kwa pumzi bila kuzigusa figo.

Unatumia dawa gani? Dawa za kuzuia damu isigande zaweza kufanya tundu la sindano lisizibe. Na mgonjwa wa kisukari anayetumia metformin, ikiwa figo zake ni dhaifu, daktari huweza kumwambia asiitumie kwa siku mbili baada ya tiba. Lakini hayo huamuliwa na daktari. Mgonjwa asiache dawa kwa kujiamulia.

Umekula saa ngapi? Kwa kawaida mgonjwa hutakiwa awe hajala chakula kwa saa 6, kwa sababu dawa ya kutuliza yaweza kumfanya atapike na matapishi yakaingia mapafuni. Na kwa mwanamke: je, yawezekana una mimba? Mtoto aliye tumboni hudhurika na mionzi kwa urahisi kuliko mtu mzima.

NDANI YA CHUMBA

Tuchukue mfano wa mzee mwenye kidonda cha kidole cha mguu kisichopona. Amelala chali. Sehemu ya kinena imesafishwa na kufunikwa vitambaa safi. Kabla ya kitu chochote, kazi yote husimama kwa muda mfupi. Daktari, muuguzi na fundi husema kwa sauti jina la mgonjwa, tiba itakayofanywa, na upande wake. Wote wakubaliane. Asipokubali mmoja, sindano haiingii.

Daktari huchoma ganzi. Mzee husikia mchomo huo na msukumo kidogo, lakini hapewi nusu kaputi. Yu macho, ametulizwa tu. Sindano huingia mshipani, waya hufuata, katheta hufuata. Ndani ya mishipa hatuna hisia ya mguso, hivyo waya ukisafiri mwilini mgonjwa haujui. Dawa ikisukumwa husikia joto likishuka mguuni.

Fundi husogeza mkono mkubwa wa mtambo, ambao una umbo la nusu duara, mpaka mshipa uonekane kwa pembe inayofaa. Kiooni huonekana mto mweusi ukishuka pajani, na ghafla mahali fulani unakatika, au unabaki uzi mwembamba. Hapo ndipo penye ugonjwa. Waya hupenyezwa taratibu, puto hufikishwa, hujazwa maji yenye dawa kwa kipimo cha shindikizo, huachwa dakika moja au zaidi, kisha hutolewa maji. Picha nyingine hupigwa. Ikiwa yote yamekwenda vema, mto uliokatika sasa unafika mpaka vidoleni.

Mwisho tundu hukandamizwa kwa mkono kwa dakika 15 au 20 bila kuchungulia, au huzibwa kwa kifaa maalumu. Mgonjwa hulala chali kwa saa kadhaa bila kukunja mguu. Huduma hii haiponyi kila mguu. Wapo ambao mishipa yao imeziba mno, au wamechelewa, na nyama imekwisha kufa. Kwa hao waya haufui dafu.

MIONZI: MTUMISHI ANAYEHITAJI KUCHUNGWA

Msomaji ataniuliza: je, mionzi hiyo yote haina madhara? Swali ni la haki. Picha ya kawaida ya kifua hutumia mionzi kidogo sana, lakini sinema ya mishipa yaweza kuendelea dakika nyingi. Mahali pamoja pa ngozi pakipigwa mno, ngozi yaweza kuwa nyekundu, na ikizidi sana ikawa kidonda, na kidonda hicho mara nyingine hutokea baada ya majuma kadhaa, mgonjwa amekwisha kusahau.

Kwa hiyo mtambo hupima na kuandika kiasi cha mionzi iliyotoka. Fundi huitazama namba hiyo na kumtajia daktari kila inapopanda. Katika hospitali nyingi ikifika kipimo cha grei 5, mgonjwa huambiwa wazi na ngozi yake hufuatiliwa. Fundi mzuri hapigi picha zisizo na kazi. Hupunguza idadi ya picha kwa kila sekunde, hufinya dirisha la mionzi lisipite eneo linalotazamwa, hukiweka kipokea picha karibu na mwili wa mgonjwa, na humkumbusha daktari kuondoa mguu kwenye pedali anapokuwa hatazami kioo.

Nao wafanyakazi je? Mgonjwa huja mara moja au chache, lakini fundi yumo chumbani kila siku kwa miaka 20 au 30. Mionzi inayomfikia yeye ni ile inayotawanyika kutoka mwilini mwa mgonjwa, kama mwanga unaorudi ukutani. Kinga zake ni tatu. Ya kwanza ni muda: kadiri ukaavyo muda mfupi karibu na mionzi, ndivyo upatavyo kidogo. Ya pili ni umbali: ukienda mbali mara mbili, mionzi hupungua na kuwa robo tu. Ya tatu ni ngao: aproni yenye madini ya risasi au madini mengine mazito, kinga ya shingo, miwani maalumu, na pazia zito chini ya meza. Tazama lugha yetu ilivyo: risasi iliyomjeruhi askari vitani na risasi inayomkinga fundi kazini zina jina moja, na kwa kweli ni madini yale yale.

Aproni hiyo ina uzito wa kilo kadhaa, na fundi huivaa kwa saa nyingi. Ndiyo sababu maumivu ya mgongo ni mengi katika kazi hii. Isikunjwe kama shuka, maana ikipasuka ndani mionzi hupita na jicho halioni. Kiongozi huhakikisha kila aproni inachunguzwa kwa mtambo angalau mara moja kwa mwaka. Pia kila mfanyakazi huvaa beji ya kupima mionzi. Sheria ya Marekani haimruhusu mfanyakazi kupokea zaidi ya milisiverti 50 kwa mwaka mwili mzima. Wataalamu wa kimataifa wanashauri wastani wa 20 tu. Mwenye beji iliyosahaulika kabatini anaonekana salama katika karatasi, lakini karatasi haimkingi. Kiongozi asiyesema juu ya jambo hilo hajawasaidia wenzake.

ALIYEBEBA VITA MOYONI

Katika hospitali hizi kuna jeraha jingine ambalo mtambo haulionyeshi. Askari wengi wa zamani bado wanaiona vita usingizini. Kulala chali bila nguo zako, umefungwa mikanda, watu waliofunika nyuso wamekuzunguka, taa zimepunguzwa, chuma kinazunguka juu ya kichwa chako: kwa mtu wa namna hiyo ni mtihani mkubwa.

Mafundi wenye uzoefu hujifunza adabu yake. Humweleza mgonjwa kila kitu kabla ya kukitenda: "Bwana, sasa mtambo utasogea, hautakugusa." "Sasa utasikia ubaridi wa dawa ya kusafishia." Hawamwamshi aliyesinzia kwa kumshika bega ghafla, bali humwita jina kwa upole, wakisimama upande wa miguuni, kwa sababu aliyeshtuka aweza kurusha ngumi kabla hajajua yuko wapi. Chombo cha chuma hakitupwi sinia kwa kishindo. Tena humwuliza kama ana vipande vya chuma vilivyobaki mwilini tangu vitani. Kwa eksirei havina neno, lakini kwa mtambo wa sumaku vyaweza kusogea na kudhuru, hivyo habari hiyo huandikwa.

Mambo haya hayahitaji fedha, na hayahitaji mtambo mpya. Yanafaa hata katika zahanati ya kijijini.

UWEZO WA KUSEMA "SIMAMENI"

Tukiulizwa ni jambo gani moja linalomfanya fundi awe kiongozi kweli, tutajibu hivi: ni uthubutu wa kusimamisha kazi. Daktari ana elimu kubwa zaidi na mshahara mkubwa zaidi. Foleni ni ndefu. Fundi anaona karatasi inasema mguu wa kushoto, naye mgonjwa ameonyesha wa kulia. Anyamaze? La hasha. Kazi yake ni kusema, "Daktari, tusimame kwanza," na kuyasema hayo bila kiburi na bila woga. Na kiongozi, akiona kijana wa chini yake amethubutu kusema, hata kama baadaye imeonekana hapakuwa na kosa, amsifu mbele ya wote. Akimkaripia, kesho kijana atanyamaza, na siku hiyo kosa litakuwa la kweli.

Nasi wagonjwa tumo katika ulinzi huo. Mahali pengi kwetu mgonjwa huona aibu kumsahihisha mganga, au ndugu humjibia mgonjwa kila swali. Tuache desturi hiyo. Ukiulizwa jina lako mara tano na watu watano, usikasirike ukidhani wamekusahau. Huo ndio ukuta unaokulinda.

KWETU JE?

Kwa muda mrefu Tanzania haikuwa na mafunzo ya tiba hii. Kuanzia mwaka 2018 vikundi vya wataalamu kutoka Marekani vilianza kufika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, kufundisha. Ni vema kuona kwamba kikundi hakikuwa na daktari peke yake, bali daktari, muuguzi na fundi wa mionzi pamoja, kwa sababu walijua kwamba daktari pekee hawezi kukiendesha chumba hicho. Baadaye Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili kikaanzisha masomo yake ya uzamili, na madaktari wetu wakaanza kuhitimu hapa hapa nyumbani. Kutoa kinyama cha kupima, kufungulia mkojo uliozibwa na uvimbe, kupitisha nyongo iliyozuiwa: mambo hayo sasa hufanywa Muhimbili kwa tundu la sindano.

Hata hivyo huduma bado haiko katika kila mkoa, na vifaa vyake ni ghali. Hivyo kinga ya kwanza ya mguu iko nyumbani. Tunaomba kila familia yenye mgonjwa wa kisukari au shinikizo ishike haya:

1. Atazame miguu yake kila siku, juu, chini na katikati ya vidole. Asiyeona vizuri atazamiwe na mtoto au mjukuu.

2. Asitembee pekupeku, hata uani. Asikanyage maji ya moto bila mwenzake kuyapima kwa kiwiko, maana mguu wa kisukari huweza kuungua bila kuhisi.

3. Maumivu ya ndama ya mguu yanayokuja akitembea na kupoa akisimama, si uzee tu. Yaweza kuwa dalili ya mshipa kubana. Amwone daktari.

4. Kidonda cha mguuni, hata kidogo, kionwe na mganga wa zahanati mapema. Kisipakwe majivu wala dawa isiyojulikana.

5. Mguu ukigeuka ghafla kuwa baridi, mweupe na wenye maumivu makali, ni dharura. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asingoje asubuhi. Hapo mguu huhesabiwa kwa saa, si kwa siku.

6. Aache sigara na tumbaku kabisa. Puto hufungua mshipa. Sigara huufunga tena.

7. Akienda hospitali achukue dawa zake zote katika mfuko, hata zile za miti shamba, azionyeshe bila aibu.

8. Akitoka kwenye tiba ya mshipa na tundu likaanza kuvuja damu, alale, akandamizwe kwa nguvu mahali pale, na apelekwe hospitali upesi.

Na kwa wazazi wenye vijana wanaopenda sayansi: si kila kijana lazima awe daktari ndipo aokoe maisha. Nchini mwetu mafundi wa mionzi hawatoshi, na kazi yao yahitaji fizikia, uangalifu na heshima kwa watu. Kijana anayehesabu mara mbili, anayeuliza bila kuona haya, na asiyeogopa kusema "tusimame kwanza", huyo tayari ana nusu ya elimu hiyo.